Kiti Kimoja Ukumbini

Marhoon bin Khalil alikuwa ameshajenga makosha zaidi ya mia nne, na hakuwahi hata siku moja kumwona bibi harusi amekaa juu ya kosha lake.

Haikuwa bahati mbaya. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Kosha, kama tunavyoliita hapa Maskati, ni jukwaa la bibi harusi: pazia nyuma, maua pembeni, kiti kama cha malkia katikati. Fundi huingia ukumbini asubuhi, akafunga mbao zake, akapiga msumari wa mwisho, akapangusa vumbi, akatoka. Milango ikishafungwa, ukumbi unakuwa wa wanawake. Hata simu zao hubandikwa karatasi kwenye kamera pale mlangoni. Kesho yake fundi anarudi kubomoa, na anachokuta ni maua yaliyosinyaa, pini za nywele, harufu ya udi iliyogoma kutoka, na mara moja alikuta kiatu kimoja cha rangi ya dhahabu ambacho mwenyewe hakukifuata.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akimuuliza mkewe, "Lilikuwaje kosha?"

"Zuri," Khawla alikuwa akijibu.

"Zuri vipi?"

"Zuri tu, Baba Wijdan. Watu wamekula, wamecheza, tumerudi."

Marhoon alikuwa mtu wa kushukuru. Kila akimaliza sala alimshukuru Mola kwa riziki ya halali, kwa mikono yenye afya, kwa karakana yake nyuma ya Al Khoudh. Jambo moja hakuwahi kuliomba kwa sauti kwa sababu aliliona la kitoto. Alitaka kuona, japo mara moja kabla mikono haijaanza kutetemeka, kitu alichokijenga kikitumika na watu waliojengewa.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, binti yake Wijdan alileta kompyuta yake akaiweka juu ya busati, baina ya sahani ya tende na birika la kahawa. Wijdan alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya fasihi ya Kiingereza katika chuo kimoja cha pale pale Al Khoudh. Kwenye kioo palikuwa na mchoro wa zamani: ukumbi mrefu, nguzo huku na huku, na mbele jabali lililopasuka katikati.

"Hii nini?" aliuliza Marhoon. "Harusi?"

"Mara nyingine ilikuwa harusi kweli, Baba. Au sikukuu, au amekuja mgeni mkubwa. Hawa ni Waingereza wa miaka mia nne iliyopita, kwenye ikulu ya mfalme wao. Mimi nnaliita tamasha la barakoa."

"Barakoa kama zile za mabibi zetu?"

"Barakoa za kujificha sura, ndiyo. Malkia na mabibi wakubwa wanavaa nguo za ajabu, wanajificha ndani ya jabali la mbao au wingu la kitambaa. Kwanza wanatoka wengine kufanya fujo, majini, walevi, vichekesho vitupu. Halafu ghafla muziki unabadilika, jabali linafunguka, na mabibi wamo ndani wanang'ara. Fujo yote inakimbia. Mabibi hawasemi neno, maana kusema ni kazi ya waigizaji wa kuajiriwa. Wao wanateremka, wanacheza mbele ya mfalme, halafu wanawashika mikono watazamaji wanacheza nao. Kutwa nzima ya kazi, miezi ya kazi, kwa ajili ya usiku mmoja. Kisha kila kitu kinabomolewa."

"Kama kosha," alisema Marhoon.

"Kama kosha hasa."

Marhoon aliivuta ile kompyuta karibu. Alitazama kwa muda mrefu, jicho la kazi.

"Hizi nguzo mbona zinakwenda zinakuwa fupi? Fundi alikosea?"

Wijdan akacheka. "Hakukosea. Alizipunguza makusudi ili ukumbi uonekane unakwenda mbali, maili nzima, na kumbe ni hatua kumi. Lakini mistari yote inakimbilia jicho moja tu. Kipo kiti kimoja ukumbini ambacho ukikaa hapo unaona sawasawa. Kiti cha mfalme. Mwengine yeyote anaona nguzo zimepinda kidogo. Na mabalozi walikuwa wakigombana nani akae karibu na kiti hicho."

"Hilo si la Waingereza peke yao," alisema Khawla, akimimina kahawa. "Nenda harusi yoyote Qurum, utazame viti vya mbele."

Ombi lilikuwa hili: mwalimu wao, Ustadha Nawar, alitaka darasa lifunge mwaka kwa kuonyesha tamasha la namna ile, dogo, lakini lenye jabali la kufunguka na nguzo za kupungua. Wijdan ndiye aliyekabidhiwa jukwaa. Badala ya miungu ya Kizungu wangekuwa mabibi wanane wa maji, Wijdan mmoja wao, maji ya falaji, mfereji wa mashambani, yanayokuja kuokoa shamba lililovamiwa na pepo wa vumbi.

"Na wazazi wote wanakaribishwa, Baba," alisema Wijdan. "Safari hii utaona."

Khawla aliinua macho. Alimjua mumewe. Marhoon alikuwa ameshatoa penseli nyuma ya sikio.

Kwa miezi miwili kila alipomaliza kazi za watu, alibaki karakanani na jabali. Katika maisha yake yote alikuwa amejenga vitu ambavyo mtu akikaa popote anaviona vizuri, na sasa alijifunza kujenga kwa ajili ya jicho moja. Alipiga msumari kwenye fimbo, akaisimamisha pale kiti kitakapowekwa, akafunga uzi, akauvuta hadi kwenye kona ya kila nguzo ili ajue akate wapi. Nyuzi zikajaa karakana kama mtego.

Kimo cha msumari kilitokana na dada yake. Ustadha Nawar alitaka mtu wa kukaa kwenye kiti cha mfalme, mtu mzima ambaye haoni haya kutazamwa na watu mia mbili, na Wijdan akamtaja shangazi yake, Bi Balqis. Bi Balqis alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja Maskati na mtoto mgongoni na masanduku mawili, na tangu siku hiyo hajamwonea haya mtu yeyote. Aliletwa karakanani na Nankya, mtumishi wake wa Kiganda, akiwa amemshika mkono kwa sababu ya magoti.

"Kaa, Dada, nikupime macho," alisema Marhoon.

"Nna miaka sabiini na tisa, macho yangu yamekwisha pimwa na madaktari wote wa mji huu."

"Urefu wake, Dada. Kutoka chini."

"Ehee. Sema hivyo." Alikaa, akanyoosha shingo. "Na huyo mfalme alikuwa akifanya nini hasa?"

"Anakaa tu, Shangazi," alisema Wijdan. "Lakini bila yeye haianzi, na bila yeye haiishi. Hakuna mtu anayeondoka mpaka mfalme asimame."

"Hakuna mtu?"

"Hata malkia."

"Basi walikuwa na adabu," alisema Bi Balqis. "Siku hizi mtu anakula biriani anaondoka bila ya kuaga."

Nankya alikuwa ameshazunguka nyuma ya jabali, anagusa gurudumu. Marhoon alikuwa ameliunganisha kwa kamba na kapi mbili, likizungushwa, jabali linapasuka pande mbili na mwanga unatoka.

"Baba, naweza jaribu?"

"Zungusha pole pole."

Nankya alizungusha. Jabali likafunguka bila kelele. "Aki Mungu!" alisema. "Mama, njoo uone, ni kama mlango wa mbinguni!"

"Mimi mfalme," alisema Bi Balqis. "Siji, nnaletewa."

Ilikuwa imebaki wiki mbili wakati simu ya Ustadha Nawar ilipompata Marhoon akiwa anapiga msasa ukingo wa nguzo ya mwisho.

"Fundi Marhoon, nna habari ambayo haitakupendeza, nisamehe. Tamasha litakuwa la wanawake watupu."

Marhoon aliweka msasa chini.

"Tulipeleka fomu kwa familia za wasichana wanane mwezi wa pili," aliendelea Ustadha. "Familia saba zimeridhia mabinti wacheze mbele ya hadhara yoyote, maana nguo ni ndefu na sura zimefichwa. Familia moja imeandika: wanawake tu. Na kanuni yetu ni kwamba mmoja akikataa inatosha."

"Hana kosa," alisema Marhoon. "Baba wa binti ana haki yake. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo."

"Ndiyo hilo, Fundi," alisema Ustadha. "Ni wewe."

Marhoon aliitafuta fomu ile kwenye simu yake, akaipata. Ilikuwa imekuja kwa Kiarabu kabla Wijdan hajamwambia habari za jabali, na ilizungumzia "shughuli ya kufunga mwaka wa masomo". Alikumbuka hata alipokuwa: dukani kwa muuza mbao, akingoja plaiwudi ikatwe. Je, unaridhia binti yako ashiriki mbele ya hadhara ya wanaume na wanawake? Alijibu kwa kidole kimoja kama anavyojibu kila baba anayemjua, bila kusita, kisha akauliza bei ya gundi. La. Wanawake tu.

Alikaa juu ya mbao akacheka, na kicheko kikamgeukia. Miaka thelathini na moja alikuwa nje ya milango iliyofungwa na watu wengine. Mlango huu aliufunga mwenyewe.

"Ukitaka kubadilisha jibu, mwisho kesho," Ustadha alikuwa amemwambia. "Neno moja tu na baba wote wataingia."

Adhana ya Alasiri ilimkuta bado amekaa. Alitawadha bombani nje ya karakana, akaenda msikitini, akasali na jamaa, na watu walipotoka yeye akabaki pembeni ya nguzo. Alisali rakaa mbili za kutaka muongozo. Alijaribu kuwa mkweli mbele ya Mola wake, maana hapo ndipo mahali ambapo mtu hana sababu ya kujipamba. Kama jibu lake lilikuwa la haki mwezi wa pili, nini kilichobadilika leo? Nguo za wasichana hazikubadilika. Binti yake hakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba yeye anataka kuona. Na kama ni kweli hakuna ubaya wowote, basi kwa nini alisema la bila kufikiri, kama mtu anayefunga mlango kwa mguu mikono ikiwa imejaa mizigo?

"Ya Rabbi," alisema, "sijui hata ninalostahili kukuomba. Nionyeshe."

Jioni ile alikwenda kumchukua Wijdan chuoni. Walikaa kwenye foleni ya magari nje ya geti, na Marhoon akamweleza yote, pamoja na habari ya fomu.

"Nilijua tangu wiki iliyopita," alisema Wijdan.

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ungebadilisha kwa ajili yangu, Baba. Sikutaka."

"Basi nakuuliza wewe. Sisemi habari ya mimi kuona, iweke kando. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Wijdan alitazama mbele, taa za breki za gari la mbele zikimwekea wekundu usoni. "Wakiwepo wanaume nitacheza, lakini nitacheza kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Noof, mwenzetu wa darasa, naye vile vile, baba yake ameridhia lakini yeye mwenyewe hajaridhia, hana pa kusema. Wakiwa wanawake watupu tutacheza kweli." Akamgeukia. "Halafu nataka wewe uone. Yote mawili nayataka, Baba. Sijui hesabu yake inakwenda vipi."

Gari la mbele likasogea. Marhoon aliendesha hadi kwenye mzunguko wa barabara, kisha akasimama pembeni, akatoa simu, akaandika kwa kidole kile kile: Jibu langu ni lile lile, Ustadha. Akalibonyeza likaenda.

"Sasa nani atazungusha gurudumu?" aliuliza. "Mimi siingii, na gurudumu lile linataka mkono."

"Nankya," alisema Wijdan, akifuta macho kwa ncha ya shela. "Amesema yeye ana nguvu kuliko sisi sote, na ni kweli."

Basi wiki ile alimfundisha Nankya. Alimfundisha kusikiliza kamba, kupaka nta kwenye kapi, kuhesabu hadi saba kabla ya kufungua. Nankya alikuwa mwanafunzi mwepesi. Siku ya mwisho alisimama mikono kiunoni akasema, "Khalas, Baba. Hata ukiniamsha nikiwa usingizini, nitafungua hiyo jabali."

Siku ya tamasha ilikuwa Jumatano, na mlango ulifungwa saa kumi na nusu za alasiri. Marhoon alikuwa amesimamisha kila kitu tangu asubuhi. Alikagua kiti mwenyewe, akakiweka pale pale penye alama ya chaki, kisha akatoka kama alivyotoka mara mia nne. Aliketi ndani ya gari lake kwenye maegesho, akaacha dirisha wazi licha ya joto, ili asikie.

Alisikia mengi. Alisikia ngoma za pepo wa vumbi, masufuria yakigongwa, na wanawake wakicheka vicheko vya kupaliwa, cha Bi Balqis kikiwa juu ya vyote. Halafu ngoma zikakatika. Marhoon akajikuta anahesabu. Moja, mbili, tatu. Alipofika saba ukumbi mzima ukavuta pumzi, sauti moja, kama wimbi linaporudi nyuma, na baada yake vigelegele vikapaa mpaka mlinzi wa getini akageuka kutazama.

"Alhamdulillahi," alisema Marhoon. Lilikuwa limefunguka.

Alijiambia kwamba hiyo inatosha. Alijiambia mara mbili, na mara ya pili akakaribia kuamini. Kulipoadhiniwa alikwenda kusali Magharibi katika msikiti wa chuo, na alikuwa anavaa viatu simu ilipolia.

"Baba, njoo ukumbini," alisema Wijdan. "Shangazi amegoma kusimama."

"Ameanguka?"

"Hajaanguka. Amegoma!"

Alipofika mlangoni alimkuta Ustadha Nawar amesimama nje, mkono mdomoni, anajizuia kucheka. Ukumbi ulikuwa mtupu. Kelele za wageni zilitoka chumba cha pili, chakula kilipoandaliwa, na mlango wa katikati ulikuwa umefungwa.

"Ingia, Fundi," alisema Ustadha. "Mimi nimeshindwa naye."

Bi Balqis alikuwa amekaa kwenye kiti cha mfalme na fimbo yake magotini. Khawla alisimama nyuma yake, macho yake chini, lakini Marhoon alimjua mkewe, alikuwa anacheka ndani.

"Dada, umewafanya nini wageni?"

"Sikuwafanya kitu. Niliwaambia mfalme hasimami. Wakaniambia, Bi Balqis, shughuli imekwisha. Nikawaambia, haijaisha. Si mlinifundisha wenyewe? Haianzi bila ya mimi wala haiishi bila ya mimi. Basi mimi nasema haijaisha. Nikaamuru wageni wende wakale, na waliovua mabuibui wasitie mguu hapa tena, na ndugu yangu aletwe." Alipiga fimbo sakafuni. "Wamekula?"

"Wanakula, Shangazi," ilisema sauti ya Wijdan kutoka nyuma ya jabali.

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa, Mama!" ilisema sauti ya Nankya. "Nimeangalia na mlinzi nimemfukuza!"

"Hapa tumebaki nani? Dada yake, mkewe, binti yake wa kumzaa, na Nankya wa gurudumu. Kuna mwenye dini yake atakayeona ubaya hapo?" Bi Balqis alimnyooshea Marhoon mkono. "Hebu niinue. Sasa kaa wewe."

"Mimi, Dada?"

"Nimekaa masaa mawili, nimeona mpaka nimeshiba. Kaa."

Marhoon alikaa. Macho yake hayakuwa kwenye kimo cha macho ya dada yake, kwa hivyo akajikunja kidogo, akateremsha mabega, na ghafla nguzo zote zikanyooka. Ukumbi wa hatua kumi ukawa bonde refu la mitende. Alikuwa ameikata kila kona ya bonde lile kwa msumeno wake, lakini moyo ulimruka kama wa mtu anayefika ugenini.

Hapakuwa na ngoma. Khawla alianza kupiga makofi taratibu, na Bi Balqis akafuatia na fimbo. Nankya akahesabu kwa sauti kutoka gizani. Alipofika saba, jabali likapasuka.

Wijdan alisimama ndani ya mwanga, amevaa vazi refu la rangi ya maji, barakoa ya fedha usoni. Alikuwa peke yake pale walipokuwa wanane, lakini alisimama kama hajapungukiwa na mtu. Mwanga ulimpiga kutoka nyuma hasa pale Marhoon alipotaka umpige. Alizunguka, mikono ikatiririka, na hakuwa mtu aliyebeba mayai. Marhoon hakujua kwamba binti yake anaweza kucheza vile. Alisikia machozi yakimshuka ndevuni na hakuyafuta, kwa kuogopa kupoteza hata kidogo cha kuona.

Kisha Wijdan akaja ukingoni mwa jukwaa ili ateremke, kama walivyoteremka mabibi wa zamani kwenda kuwashika mikono watazamaji. Na hapo akasimama. Akageuka ubavu. Akakusanya vazi kwa mkono mmoja, mkono mwengine ukatafuta hewani pa kushika, mguu ukapapasa chini, ukakosa, ukapapasa tena. Akashuka ngazi ya kwanza kama mtu anayeshuka kutoka juu ya ukuta. Akafanya hivyo tena ngazi ya pili. Na ya tatu. Ndipo akaendelea kucheza, mpaka akafika kitini na kumshika baba yake mkono.

Marhoon alisimama, lakini macho yake yalikuwa kwenye ngazi.

"Mbona umeteremka hivyo?"

"Hivyo vipi, Baba?"

"Ubavu. Kama kaa."

Wijdan alivua barakoa, akamtazama mama yake. Khawla alitazama dari.

"Ngazi zako ndefu, Baba Wijdan," alisema Khawla mwishowe.

"Ndefu?"

"Ndefu. Kwa mwanamme mwenye kanzu labda si kitu. Mwanamke mwenye vazi la harusi hawezi kuinua mguu namna ile na hawezi kuona anapokanyaga."

"Wasichana wanane leo wote wameshuka ubavu?"

"Wote. Noof nusura aje kwa magoti."

"Na mabibi harusi?"

"Mabibi harusi wote, miaka yote. Kwa nini unadhani kila mmoja hushikwa na mama huku na shangazi huku?"

"Nilidhani ndiyo ada!"

Bi Balqis alicheka mpaka akalazimika kukalia kile kiti tena. "Ada! Mwanamme anajenga mlima, halafu anaita ada!"

"Na wewe, Khawla," alisema Marhoon, "miaka yote hii nakuuliza kosha lilikuwaje, unaniambia zuri."

"Uliniuliza kosha," alisema Khawla. "Hukuniuliza ngazi. Na nilidhani umezifanya hivyo makusudi, ili bibi harusi ateremke pole pole watu wapate kumtazama. Wewe fundi, mimi nani nikusahihishe?"

Marhoon alikwenda hadi kwenye jukwaa, akapiga magoti, akapima ngazi kwa shubiri yake. Nankya alichungulia kutoka nyuma ya jabali uso umejaa jasho.

"Baba, ni mbaya sana?"

"Ni mbaya," alisema Marhoon. Alikuwa akitabasamu, na mwenyewe hakujua kwa nini. Alikuwa ameomba aonyeshwe, na ameonyeshwa zaidi ya alivyojua kuomba. "Astaghfirullah. Wanawake wa watu wangevunjika miguu. Nina makosha mawili wiki ijayo, moja liko Qurayyat. Ngazi zake nimeshazikata."

"Yalla, si utakata zingine," alisema Nankya.

Asubuhi ya pili, jua halijapanda sana, Khawla alikuwa karakanani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alikuwa amevaa buibui lake, na juu yake, kwa amri ya mumewe, shuka mbili zimefungwa kiunoni zikiburura sakafuni kama vazi la bibi harusi. Mbele yake Marhoon alikuwa amepanga vipande vya mbao vya unene mbalimbali kama ngazi.

"Teremka hiki," alisema. "Usitazame chini. Usishike kitu."

"Nikianguka?"

"Nipo."

Khawla aliteremka, akayumba. Marhoon akaondoa kipande kimoja, akapapasa penseli nyuma ya sikio.

"Tena."

Safari hii aliteremka na kichwa kimeinuka, mguu ukapata mbao pale pale ulipoitarajia. Akashuka cha pili. Akashuka cha tatu, shuka zikimfuata nyuma, akafika chini, akabaki amesimama, amejishangaa.

"Hapa," alisema. "Andika hapa."

"Una hakika?"

"Ngoja," alisema Khawla, akakusanya shuka zake, akaanza kupanda tena. "Nirudie."